Kuonja kwa Niaba ya Mwingine

Mtu anapoonja dawa ya majani kabla ya kumnywesha mgonjwa, anajua nini hasa? Na kama anachokijua ni kidogo, kwa nini wazee wetu walihesabu kuonja kuwa wajibu? Haya ndiyo maswali mawili ninayotaka kuyajadili katika insha hii. Nitaanza na jambo lililotokea nyumbani kwetu, kwa kuwa bila hilo nisingekuwa na sababu ya kuuliza.

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa wakazi wake wanaozungumza Kiswahili. Uani kwetu, nyuma ya jiko, kulikuwa na umubirizi. Hilo ni jina lake la Kirundi. Waganda huuita mululuza, na wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Si mti mkubwa, ni kichaka kinachomzidi mtu kimo kidogo, lakini aliyewahi kutafuna majani yake haelezwi mara ya pili uchungu ni nini. Majirani walikuja kuyaomba asubuhi na jioni: huyu tumbo, yule minyoo, mwingine homa. Aliyewachumia ni bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye alitulea mimi na mdogo wangu kila mama alipovuka mpaka kwenda Uvira katika biashara yake ya vitenge.

Bibi alikuwa na kanuni moja asiyoivunja. Hakumpa mtu kikombe kabla ya yeye mwenyewe kuonja kilichomo. Alichota kwa kijiko, akatia kinywani, akanyamaza kidogo, ndipo akameza. Mara nyingine aliongeza maji, mara nyingine aliongeza majani. Nilipofika miaka 10 alianza kunifundisha. “Usiteme haraka,” aliniambia. “Uchungu una mwanzo, una katikati na una mwisho. Ukitema haraka umeujua mwanzo peke yake.” Nilijifunza kwamba mshubiri hukushika papo hapo, na kwamba umubirizi huchelewa, halafu hukaa kooni kama deni. Nilijifunza kutofautisha jani changa na jani lililokomaa nikiwa nimefumba macho. Bibi alinisifu mbele ya majirani kwamba nina ulimi mzuri. Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba uchungu nilikuwa nauchukia.

Nilipokuwa na miaka 14, na mdogo wangu ana miaka sita, mtoto alishikwa na homa usiku. Mama alikuwa Uvira. Asubuhi bibi alichemsha umubirizi. Mwaka ule ulimi wake ulikuwa umeanza kumwacha. Alilalamika kwamba chumvi ya siku hizi haina chumvi, na sisi tuliokula alichopika tulijua kasoro iko wapi. Kwa hiyo alinipa kijiko. “Nionjee, mjukuu wangu. Imekolea kiasi gani?” Nilikipeleka kijiko mdomoni, nikaigusisha dawa kwenye midomo iliyofungwa, kisha nikakunja uso kama mtu aliyeonja. Sikuonja. “Iko sawa, bibi,” nikasema.

Mdogo wangu alipopewa kikombe alilia. Alisema ni chungu sana, si kama ya siku zile. Nilimshika kichwa nikamwambia dawa zote ni chungu, meza. Akameza. Jioni akaongezewa nusu kikombe.

Usiku ule alitapika mpaka hakuwa na kitu cha kutapika. Kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani, na tulipomwita hakuitika. Tulimbeba mpaka kituo cha afya. Walimpima damu wakakuta malaria, wakamtundikia dripu, wakaanza kumpa dawa. Muuguzi alimuuliza bibi kama mtoto alipewa chochote nyumbani. Bibi akajibu kwamba alipewa umubirizi, wa kawaida, na mjukuu wake mkubwa aliuonja. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshika ndala za mdogo wangu. Sikusema neno. Alilazwa siku nne, akapona. Siku ya kwanza niliporudi nyumbani kuchukua nguo nilikuta sufuria ingali na mabaki. Nikaonja. Ilikuwa chungu kuliko dawa yoyote niliyowahi kutia kinywani. Bibi alikuwa amejaza majani, maana ulimi wake ulimwambia bado.

Malaria yenyewe hutapisha. Hakuna awezaye kuitenganisha homa na kikombe kile akasema hiki kilifanya hivi na kile kilifanya vile. Lakini mimi nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile kosa langu lilikuwa lipi. Je, nilikosa maarifa, au nilikosa uaminifu?

Nianze na maarifa. Wapo wanaosema kuonja si kujua, ni kuhisi tu. Mimi siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, yaani kuna mambo ambayo hayajulikani kwa kusimuliwa. Uchungu ni mojawapo. Naweza kukuandikia kurasa 10 kuhusu umubirizi na bado usijue alichokijua mdogo wangu kwa funda moja. Tena ulimi haudanganywi na jina. Majani mawili yanaweza kufanana machoni hata mzee akakosea, lakini yakifika kinywani yanaachana.

Na si wanadamu peke yao wanaojua hivyo. Mwaka 1987, katika Milima ya Mahale, kwenye pwani ya Tanzania ya ziwa hili hili la Tanganyika ambalo mwisho wake wa kaskazini ni sisi watu wa Bujumbura, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walikuwa wakimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Sokwe huyo alionekana mgonjwa, amelegea, analala wakati wenzake wanatafuta chakula. Akauendea mti ule ule tunaouita umubirizi, akavunja tawi, akaambua ganda, akaacha majani, kisha akatafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake machungu. Mti huo si chakula chao cha kila siku. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Kalunde alikuwa mhifadhi wa wanyama na pia mganga wa jadi wa Kitongwe. Alimweleza mwenzake kwamba kwao mti huo ni dawa ya tumbo. Baadaye wanakemia walikuta ndani yake kemikali chungu zenye nguvu dhidi ya vimelea.

Kwa nini kiumbe mgonjwa ajue kwamba chungu humfaa? Inafaa tuelewe kwanza uchungu ni nini. Mti hauna miguu ya kukimbilia, kwa hiyo hujilinda kwa kutengeneza sumu. Na sisi tunaokula miti tumeumbwa na ulimi unaozitambua sumu hizo: mwanadamu ana aina zipatazo 25 za vipokezi vya uchungu. Basi uchungu, kwa asili yake, ni onyo. Lakini kitu kinachoweza kumdhuru mlaji kinaweza pia kumdhuru mnyoo aliye tumboni mwa mlaji. Dawa nyingi ni sumu iliyopimwa. Kwinini, ambayo miti yake inalimwa hata Kivu kwa jirani zetu, ni chungu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo ulimi unapokunja uso haukosei. Unasema: hapa pana nguvu, angalia.

Tatizo ni kwamba ulimi unaishia hapo. Ulimi ni kama bawabu anayekuambia kuna mgeni mlangoni, lakini hajui kama mgeni amekuja kukuamkia au kukuibia. Nina sababu tatu za kusema hivyo.

Sababu ya kwanza ni muhogo. Kila nyumba ya kwetu inayojua kupika inajua kwamba kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, na kwamba ule mchungu haupikwi kabla ya kulowekwa na kukaushwa. Uchungu huo unatuonya kuhusu sumu ya sianidi. Huko Kongo kuna ugonjwa uitwao konzo, unaopoozesha miguu ya watu waliokula kwa muda mrefu muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa nyakati za njaa. Tazama basi: neno letu ni moja, “chungu”. Umubirizi ni chungu, kwinini ni chungu, muhogo wa sumu ni chungu. Ulimi hauna neno la kusema “hiki huponya” na “hiki hupoozesha”. Wala hauna neno la kusema ugonjwa wa mtoto ni upi. Bibi alijua uchungu wa aina nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, lakini hakuna uchungu uliomwambia kwamba damu ya mjukuu wake ina malaria. Hilo liliambiwa na tone la damu.

Sababu ya pili ni kwamba ndimi hazilingani. Mwaka 1931 mkemia mmoja wa Marekani, Arthur Fox, alieleza jambo lililotokea maabara kwao. Unga aliokuwa akiushughulikia ulipeperuka, na mwenzake aliyekuwa karibu akalalamika kwamba ni mchungu mno. Fox akauonja, hakuhisi kitu. Walibishana, kumbe wote wawili walikuwa wakisema kweli. Watu huzaliwa na ndimi tofauti, na uchungu mmoja humtesa mmoja na kumpita mwingine. Ongeza hapo uzee, ongeza mafua, ongeza homa. Bibi hakudanganya aliposema ladha bado haijakolea. Ulimi wake ulisema kweli kuhusu ulimi wake. Haukusema kweli kuhusu sufuria.

Sababu ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi, kwani sumu si lazima iwe chungu. Mwaka 1937 huko Marekani kampuni moja ilitaka kuuza kwa maji dawa ya sulfanilamide, iliyokuwa ikiuzwa kama unga na vidonge. Ikaiyeyusha katika kimiminika kitamu kiitwacho dietilini glikoli, ikatia ladha ya matunda. Kabla ya kuipeleka sokoni waliikagua ladha, sura na harufu, wakaridhika. Sumu yake hawakuipima, na sheria ya wakati ule haikuwalazimisha. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na mwaka uliofuata sheria mpya ikamtaka mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Ungedhani somo hilo lilitosha. Lakini mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za kikohozi zilizokutwa na kemikali za jamii hiyo hiyo. Mtoto hulilia dawa chungu aiteme. Dawa tamu huomba nyingine.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema: basi hoja imekwisha. Ulimi ni kipimo kibovu, tuuache, twende maabara. Nusu ya hoja hiyo naikubali bila ubishi. Mtoto mwenye homa apimwe damu, na apewe dawa ambayo kiasi chake kimepimwa. Kama siku ile tungefanya hivyo asubuhi badala ya kesho yake, insha hii isingeandikwa. Sitaki mtu amalize kusoma akidhani ninatetea sufuria ya bibi dhidi ya kituo cha afya.

Lakini nusu nyingine siikubali. Wale wa mwaka 1937 hawakuwa waganga wa vijijini. Walikuwa na kiwanda, walikuwa na mkemia, walikuwa na maabara. Na wao pia walionja! Kwa hiyo tofauti ya bibi na wao si kwamba huyu alitumia ulimi na wale walitumia elimu. Tofauti ni ya nia. Wao walionja kujua kama mnunuzi ataipenda. Bibi alionja kujua kama mgonjwa ataistahimili, na alimeza. Wapo wanaoonja ili wauze na wapo wanaoonja ili washiriki. Na hapa ndipo naona kwamba kuonja kuna maana nyingine isiyokuwa ya maarifa.

Narudi Mahale. Huffman aliandika habari aliyoipata kwa Kalunde kuhusu babu yake, mganga aliyeitwa Babu Kalunde. Kijiji chake kilipatwa na maradhi ya kuharisha yaliyoua watu. Mzee huyo alikuwa amemwona nungunungu mgonjwa akila mizizi ya mmea ambao Watongwe waliuita mulengelele, kisha akapona. Watu wa kijiji waliujua mmea huo kuwa ni sumu kali na waliuepuka, yeye akiwa miongoni mwao. Alifanya nini? Aliwasimulia aliyoyaona, kisha yeye mwenyewe akanywa kiasi kidogo. Ndipo wakakubali kuwapa wagonjwa wao.

Kwa upande wa maarifa, alichothibitisha mzee yule ni kidogo sana. Alithibitisha kwamba mtu mzima mmoja, asiyeharisha, alikunywa kiasi kidogo akabaki hai. Hiyo si dalili kwamba mtoto anayeharisha ataponea hapo. Lakini alisema jambo jingine bila maneno: sitawapeni ninachokiogopa mimi. Hatari hii nimeanza kuibeba kabla yenu. Mwaka 1972 mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alifanya jambo kama hilo. Yeye na wenzake walikuwa wamepata dawa ya malaria kutoka katika mmea wa Artemisia annua, nao wakainywa kwanza wenyewe kuona kama ni salama, kabla ya kuwapa wagonjwa. Kwao kuna hadithi ya kale ya Shennong, aliyeonja mamia ya majani ili watu wajue lipi ni dawa na lipi ni sumu. Wengine husema mwishowe aliuawa na jani mojawapo. Tu Youyou alikuwa na maabara na alikuwa na vipimo vya wanyama. Maabara haikumwondolea swali la nani atangulie.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba anayeonja anajua kidogo: anajua kuna nguvu, na pengine anajua leo ni kali kuliko jana. Jibu langu kwa swali la pili ni kwamba wazee hawakufanya kuonja kuwa wajibu kwa sababu ya maarifa peke yake. Walikifanya kuwa ahadi. Mgonjwa hana nguvu ya kuchagua, na mtoto hana hata neno la kukataa ambalo watu wazima watalisikiliza. Anayempa kikombe ana mamlaka makubwa juu yake. Kumeza kwanza ni kuyapunguza mamlaka hayo, ni kukubali kuwa mwili wangu nao umo katika hesabu.

Hata hivyo ahadi hiyo ina hatari yake, na sitaki kuificha. Kwa kuwa kuonja hushawishi, anayejua kushawishi anaweza kukitumia vibaya. Mganga mlaghai hunywa mbele ya watu kile ambacho yeye hakimdhuru, akapokea pesa. Na mimi pia nilifanya ulaghai huo nikiwa na miaka 14. Nilikunja uso. Uso uliokunjwa ni ushahidi. Kila aliyeko jikoni huusoma bila kuuliza. Nilichukua alama za mtu aliyeonja nikaziacha tabu zake. Bibi alizisoma alama zile, akaamini, na akaenda kuzitolea ushahidi mbele ya muuguzi.

Nikifikiri sana naona kwamba karibu kila tunachokijua kuhusu dawa tumekijua kwa ulimi wa kuazima. Daktari hakunywa dawa zote anazoandika. Muuza dawa hakuonja makopo yaliyo kwenye rafu yake. Anaamini karatasi, na karatasi inaamini kiwanda, na kiwanda kinamwamini mpimaji mmoja aliyekaa mbele ya mashine siku moja. Mahali popote katika mnyororo huo akitokea mtu mmoja aliyegusisha midomo iliyofungwa akasema “iko sawa”, wote walio mbele yake watadanganya bila kujua kwamba wanadanganya. Bibi alidanganya vivyo hivyo, mikono yake ikiwa safi. Ndiyo maana sasa nasema kosa langu halikuwa la maarifa. Kama ningeonja kweli huenda bado ningekosea kiasi, na malaria ingebaki pale pale. Hilo lingekuwa kosa la ulimi. Nililofanya mimi lilikuwa kosa la mtu. Hata kusema “sijaonja, bibi, nauchukia uchungu” kungetosha, maana angejua kwamba hajui.

Mwaka jana wakati wa likizo nilimweleza bibi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Nilitegemea hasira, au machozi. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akasema, “Na mimi nilikuwa najua kwamba ulimi wangu umeniacha. Ilinipasa kuacha kuchemsha, si kutafuta ulimi wa mtoto.” Siku hizi anayekuja na homa humrudisha kwa kumwambia aende akapimwe. Nilipodhani mazungumzo yamekwisha, akaniuliza: “Umeniambia mimi. Lakini aliyekunywa alikuwa nani?”

Swali hilo lilinichukua siku mbili. Jioni ya siku ya pili nilimwita mdogo wangu, ambaye sasa ana miaka 13, nikamweleza yote kuanzia kijiko mpaka mabaki ya sufuria. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akasema, “Lakini mimi niliwaambia.”

Ni kweli alituambia. Alisema ni chungu sana, si kama ya siku zile. Katika nyumba ile siku ile kulikuwa na ndimi tatu: mmoja ulikuwa umechoka, mmoja ulikuwa unadanganya, na mmoja ulikuwa umeonja kweli na ukasema kweli. Huo wa tatu ndio ambao hatukuuliza chochote, na uliposema wenyewe tuliujibu kwa msemo. Dawa zote ni chungu. Nilitumia jambo la kweli kumnyamazisha mtu aliyekuwa akisema kweli.

Kwa hiyo namalizia kwa kuongeza jambo moja katika kanuni ya bibi. Anayempa mwingine dawa, iwe ya majani au ya kiwandani, ana wajibu wa kutangulia katika hatari kwa namna anayoweza, na kusema kweli kuhusu anachokijua na asichokijua. Lakini akishaonja, hajamaliza. Kuonja kwa niaba ya mwingine hakumpokonyi mwingine huyo ulimi wake. Mgonjwa akisema leo si kama jana, kikombe kiwekwe chini kwanza, na asikilizwe.

Umubirizi ungalipo uani kwetu. Mdogo wangu ndiye anayeumwagilia maji.